Lita za Mama Hazitoshi Kununulia Dume

Anayetafuta dume wa ng'ombe wa maziwa kuanzia Kisesa hadi Magu, au upande wa Usagara kuelekea Misungwi, huuliza swali moja kabla ya mengine yote: mama yake anatoa lita ngapi? Muuzaji akijibu ishirini, bei inapanda hapo hapo. Haulizwi ishirini hizo zilipimwa kwa chombo gani, zilikuwa za mwezi wa ngapi tangu ng'ombe azae, alikuwa akila nini, wala dada za dume huyo wanatoa ngapi. Dume analipiwa, anapakiwa kwenye gari, na kwa miaka minne au mitano anapanda ng'ombe wa kitongoji kizima. Baadaye mitamba wake wanazaa, wanakamuliwa lita tano au sita, na maneno yanaanza: mbegu imeharibika, au ng'ombe wa kisasa hawawezi hali ya hewa ya ziwani.

Mbegu haijaharibika. Swali la mnunuzi ndilo lilikuwa dogo kuliko fedha aliyotoa. Lita za mama zina habari kidogo mno kuhusu mtoto wake wa kiume, na kidogo hicho kinahesabika kwa kalamu na karatasi. Watu wanaosimamia uboreshaji wa ng'ombe mkoani Mwanza, na wafugaji wenyewe, wamezoea kuhesabu damu ya kigeni: huyu asilimia 50, huyu 75, huyu karibu safi. Kinachopungua huku kwetu ni daftari kuliko damu.

Nusu ya baba, nusu ya mama, na kura katikati

Ng'ombe ana jozi 30 za kromosomu. Katika kila jozi, moja ilitoka kwa baba na moja kwa mama. Yeye naye akizaa, anampa ndama kromosomu moja tu ya kila jozi, na ipi itoke ni kura. Kwa hiyo ndama hupokea nusu ya jeni za mama, lakini haijulikani ni nusu ipi. Mama mwenye jeni nzuri na mbaya zilizochanganyika anaweza kumpa binti mmoja nyingi nzuri na mwingine nyingi mbaya. Katika kundi ambalo wanyama hawana undugu wa karibu, kura hii peke yake inabeba nusu ya tofauti zote za kurithi. Ndiyo maana mitamba wawili wa baba mmoja na mama mmoja, waliokulia zizi moja, hutofautiana lita tatu kwa siku bila mtu yeyote kukosea.

Wingi wa maziwa hauna jeni yake moja. Unajengwa na maelfu ya jeni, kila moja ikisukuma kidogo: nyingine kwenye tishu za kiwele, nyingine kwenye ini, kwenye hamu ya kula, kwenye homoni. Ni chache zenye nguvu ya kuonekana zenyewe. Inayojulikana zaidi ni DGAT1, iliyoko kwenye kromosomu ya 14, ambayo kazi yake ilielezwa mwaka 2002. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya kuunda mafuta ya maziwa. Ina sura mbili kuu: moja huongeza kiwango cha mafuta na kupunguza kidogo wingi wa maziwa, ya pili hufanya kinyume chake. Ng'ombe wa jamii ya zebu, wenye nundu kama wa kienyeji wetu, karibu wote wana sura ya kwanza, Friesian wa Ulaya wengi wana ya pili. Mama wa Kisukuma anayetikisa maziwa apate samli anajua tangu zamani kwamba ya ng'ombe wa kienyeji ni mazito na samli yake haikawii. Jeni hiyo ni sehemu ya sababu.

Dume ana jeni hizi zote kama jike, ila hana kiwele cha kuzionyesha. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Dume ana uzito mkubwa kuliko jike yeyote katika kubadilisha kundi, kwa kuwa jike atazaa ndama watano au sita maishani, naye dume wa kijiji atazaa mamia. Lakini thamani yake haionekani kwa macho. Itajulikana kwa mabinti zake tu, au kwa ndugu zake wa kike, au kwa kupima vinasaba vyake.

Lita ya ndoo na lita ya kurithi

Ng'ombe wawili wakitofautiana lita, sehemu kubwa ya tofauti hiyo haitokani na jeni. Inatokana na chakula, maji, msimu wa kuzaa, ugonjwa wa kiwele, mkamuaji, umri. Sehemu inayorithika ndiyo wataalamu wanaiita kiwango cha kurithika. Kwa wingi wa maziwa, kwenye mashamba ya nchi za baridi, kiwango hicho ni kati ya asilimia 25 na 35. Kwa wafugaji wadogo wa nchi za joto mara nyingi huwa chini ya hapo, na sababu yake tutaifikia. Asilimia ya mafuta na ya protini hurithika zaidi, karibu nusu. Uwezo wa kushika mimba hurithika kidogo sana, chini ya asilimia 5. Ng'ombe wako akipandwa mara nne bila kushika, anza na chakula, madini, muda wa kupandisha na afya ya kizazi kabla ya kulaumu ukoo wake.

Tuiweke kwenye hesabu. Zizi fulani lina ng'ombe ambao wastani wao ni lita 2,000 kwa uzao mmoja, yaani tangu kuzaa hadi kukaushwa. Mmoja katoa lita 3,200. Amewazidi wenzake lita 1,200. Kwa kiwango cha kurithika cha asilimia 25, kinachokadiriwa kuwa cha jeni zake ni lita 300 tu kati ya hizo 1,200. Binti yake anapokea nusu: lita 150 kwa uzao mzima. Ukizigawa kwa siku 300, unapata nusu lita kwa siku. Zile 1,050 zilizobaki ni kura ya jeni, lishe, bahati na uangalizi, nazo haziuziki pamoja na ndama.

Ng'ombe huyo huyo akirudia kuwazidi wenzake kwa wastani wa lita 1,200 katika mizao mitatu, picha inabadilika. Rekodi za mizao mitatu zinapunguza nafasi ya bahati, na makisio ya jeni zake yanapanda kutoka 300 hadi karibu 470. Binti anatarajiwa kupata karibu 235. Hii ndiyo thamani ya kuandika mwaka hadi mwaka. Ng'ombe ni yule yule, jeni ni zile zile, ila sasa unazijua zaidi.

Turudi kwa dume wetu wa Kisesa. Rekodi moja ya mama yake, hata iwe ya kweli na iliyopimwa vizuri, inatupa uhakika wa asilimia 6 hivi kuhusu jeni zake za maziwa. Sita kati ya mia. Dume huyo huyo akiwa na mabinti 4 waliokamuliwa na kulinganishwa na wenzao wa zizi moja na msimu mmoja, uhakika unafika asilimia 21. Mabinti 10 wanatoa asilimia 40. Mabinti 50 wanatoa 77, na 100 wanatoa 87. Hizi si namba za maabara ya mbali. Ni matokeo ya kanuni inayotumika kila mahali, kwa kiwango cha kurithika cha asilimia 25. Mabinti wanne wa jirani, waliopimwa kwa jagi la plastiki, wanakuambia mara tatu zaidi ya mama aliyesifiwa kwa lita ishirini.

Na hizo ishirini zenyewe zichunguzwe. Karibu kila mara ni lita za kilele, wiki ya sita au ya nane baada ya kuzaa. Damu ya zebu hubeba pia tabia ya kukauka mapema na ya kukataa kuachia maziwa ndama asipokuwepo, na tabia hizo nazo hurithiwa. Ng'ombe aliyefika lita 14 na kukauka siku ya 150, kwa wastani wa 8.5, ametoa lita 1,275. Aliyefika lita 9 tu lakini akakamuliwa siku 290 kwa wastani wa 7, ametoa 2,030. Kijijini wa kwanza ndiye mwenye jina. Wa pili hajulikani, na mtoto wake wa kiume anaweza kuuzwa kwa mchinjaji kabla mtu hajakumbuka kuhesabu.

Damu ina kikomo chake

Ng'ombe wa kienyeji wa Usukumani, zebu wa pembe fupi, akipandwa na Friesian au Ayrshire, chotara wa kwanza humshangaza kila mtu. Anatoa maziwa mara mbili au zaidi ya mama yake, anazaa bila shida kubwa, anavumilia. Mfugaji anajiambia: kama nusu imeleta hivi, robo tatu italeta zaidi. Anarudia Friesian, kisha anarudia tena. Kizazi cha tatu anakuta ana ng'ombe mkubwa, mweusi na mweupe, anayekula sana, anayechelewa kushika mimba, na ambaye lita zake hazijapanda.

Kilichotokea kinaelezeka. Chotara wa kwanza ana faida mbili zilizopandana. Ya kwanza ni jeni za maziwa za Friesian. Ya pili ni nguvu ya uchotara: kila sehemu ya vinasaba vyake ina nakala moja ya zebu na moja ya Friesian, hivyo udhaifu wa upande mmoja unafunikwa na upande wa pili. Nguvu hiyo iko kamili, asilimia 100, kwa chotara wa kwanza peke yake. Ukimrudishia Friesian upate asilimia 75, inabaki nusu. Ukirudia upate 87.5, inabaki robo. Jeni za maziwa zinaongezeka huku nguvu ya uchotara ikipungua, na katika joto, kupe na uhaba wa malisho, upungufu unakula ongezeko. Uchambuzi wa majaribio mengi ya nchi za joto uliochapishwa na FAO mwaka 1987 ulionyesha hivyo: maziwa yalipanda karibu kwa mstari ulionyooka hadi damu ya kigeni ilipofika nusu, na baada ya hapo hayakuongezeka kwa maana.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mfugaji anaogopa gharama ya uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mbegu ya mrija, anachukua dume chotara wa jirani na kumpandisha chotara wake. Kwenye karatasi watoto ni asilimia 50, sawa na wazazi. Lakini nguvu ya uchotara imeshuka hadi nusu, na kura ya jeni imezichanganya damu mbili upya. Mmoja atatoka amekaribia uzebu, mwingine amekaribia Friesian, na wastani wa maziwa unashuka chini ya mama zao. Hapo ndipo neno "mbegu imeharibika" huzaliwa.

Rangi nayo inadanganya. Baka jeusi na jeupe linatawaliwa na jeni chache, mbali na maelfu ya jeni za maziwa. Mtamba anaweza kubeba rangi yote ya Friesian akiwa na damu yake asilimia 40, na mwingine wa kahawia asiye na baka akawa na 70. Mnadani rangi inalipiwa kama cheti. Nundu ndogo na ngozi fupi ya shingo zinasema zaidi kidogo kuliko rangi, ila nazo hazisemi lita.

Msimamo wetu kuhusu damu ni huu. Kwa mfugaji wa ukanda wa ziwa anayelisha matete, mabua na pumba, mwenye dawa ya kuogesha lakini bila mashine ya kupoza banda, alenge kati ya asilimia 50 na 75 na abaki hapo. Njia rahisi ya kutopoteza nguvu yote ya uchotara ni kuzungusha koo. Mtamba wa Friesian apandishwe Ayrshire au Jersey, binti yake arudi kwa Friesian. Koo mbili zikizungushwa hubakiza kama theluthi mbili ya nguvu ya uchotara, tatu hubakiza zaidi ya asilimia 80. Lakini koo hizo zote ni za Ulaya, hivyo damu ya Sahiwal au Boran, ambao ni zebu, iingizwe kizazi kimoja pale asilimia inapopita 75 au ng'ombe wanapoonekana kulemewa. Brazili walitatua jambo hili kwa kutuliza ukoo mpya, Girolando, wenye sehemu tano kwa nane za Holstein, ndugu wa Friesian, na tatu kwa nane za Gir, zebu wa India. Tanzania nayo ilikwisha kujaribu: ng'ombe wa Mpwapwa alitengenezwa Dodoma kwa kuchanganya damu za Sahiwal, Red Sindhi, zebu wetu, Boran na kidogo ya Ulaya. Inasikitisha kwamba mjadala wa ng'ombe wa maziwa mkoani hapa humtaja kwa nadra, ilhali Misungwi tunayo Mabuki, penye kituo cha TALIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa mifugo, na shamba la serikali la kuzalisha mitamba.

Bora wa kule si lazima awe bora wa huku

Mrija wa mbegu kutoka nje huja na sifa ya dume. Sifa hiyo imehesabiwa kwa mabinti wanaokula nafaka na kulala chini ya feni. Ukichukua madume kumi na kuyapanga kwa lita za mabinti wa Marekani, kisha ukayapanga tena kwa lita za mabinti wa Magu, mpangilio hautafanana. Dume wa kwanza kule anaweza kuwa wa sita hapa. Mara nyingi sababu ni ukubwa wa mwili: mabinti wake ni wakubwa, na mwili mkubwa unakula sehemu kubwa ya chakula kabla lita ya kwanza haijatengenezwa.

Hesabu ya chakula inaonyesha jambo hili wazi. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji karibu megajuli 50 za nishati kwa siku ili aishi tu. Kila lita ya maziwa inataka megajuli 5 zaidi. Matete machanga, akila ya kutosha, yanampa megajuli 80 hadi 85, yaani kilo 10 za majani makavu, ambazo kwa majani mabichi ni mzigo wa kilo 60 hivi. Toa 50, inabaki 30 au 35. Hizo ni lita 6 au 7, basi. Weka hapo binti wa dume bora na binti wa dume wa hovyo, wote watatoa 6 au 7. Tofauti yao ya jeni ipo, imefunikwa na njaa. Ndiyo sababu kiwango cha kurithika hushuka kwenye mazizi yenye lishe duni, na ndiyo sababu kununua mbegu ya bei kubwa kwa ng'ombe anayekula matete yaliyokomaa pekee ni kutupa fedha. Kilo 3 za chakula cha ziada, mashudu ya pamba yakichanganywa na pumba za mahindi na madini, ndizo zinazofunua jeni. Mashudu tunayo, huu ni ukanda wa pamba. Ndama wachanga tu wasilishwe mashudu hayo, yana sumu ya asili ambayo matumbo yao hayaiwezi.

Joto nalo. Friesian huanza kusumbuka nyuzi zikipita 25, na mchana wa Mwanza hupita hapo siku nyingi za mwaka, tena kukiwa na unyevu wa ziwa. Kuna jeni moja, tofauti na zile maelfu za maziwa, inayompa ng'ombe manyoya mafupi laini na kumsaidia kupoza mwili. Ilitoka kwa ng'ombe wa Senepol wa visiwa vya Karibi na imeingizwa kwenye baadhi ya madume ya Holstein. Ni jeni tawala, nakala moja inatosha kuonekana. Mhimilishaji mwenye uwezo wa kuagiza angeitafuta hiyo kabla ya kutafuta lita elfu za ziada.

Kupe ni habari nyingine. Ndigana kali huua ndama chotara kuliko ndama wa kienyeji waliozaliwa eneo lenye ugonjwa, na uvumilivu huo una sehemu ya kurithi. Mtamba aliyekufa ana miezi mitano hana jeni ya maziwa yenye maana kwa mtu yeyote. Chanjo na kuogesha vihesabiwe kama sehemu ya gharama ya mbegu.

Kwa hiyo mfugaji akiulizwa anataka mbegu ipi, ajibu kwa mpangilio huu: mwili wa wastani, mabinti wanaoshika mimba vizuri na kudumu zizini, kiwele kilichoshikwa juu, mafuta mazuri, kisha lita. Lita zikifuatwa peke yake huvuta vingine chini, kwa sababu jeni zinazoongeza wingi kwa sehemu ndizo zinazopunguza asilimia ya mafuta na kuchelewesha mimba.

Dume mmoja kwa miaka mingi

Dume anayekaa kitongojini miaka mitano huanza kupanda mabinti zake mwenyewe mwaka wa tatu. Ndama wa baba na binti ana robo ya vinasaba vyake yenye nakala mbili zilizotoka kwa babu mmoja. Jeni mbovu zilizokuwa zimejificha zinakutana. Matokeo yake ni ndama dhaifu, mimba zinazopotea mapema bila kuonekana, maziwa kupungua. Visiwani kama Ukerewe na Kome hatari ni kubwa zaidi, kwani kuvusha dume mpya ni gharama, na wachache waliopo huzunguka.

Kosa hili halina uhusiano na umaskini. Pawnee Farm Arlinda Chief, dume wa Holstein aliyezaliwa Marekani mwaka 1962, alisifiwa kwa maziwa na akazaa mabinti zaidi ya 16,000. Alikuwa amebeba jeni moja yenye hitilafu ambayo ndama akiipata nakala mbili hufa tumboni. Watafiti wamekadiria kuwa jeni hiyo ilisababisha mimba zipatazo 500,000 kuharibika duniani kote kabla ya kugunduliwa. Yeye alikuwa na rekodi kamili. Kijijini kwetu hitilafu kama hiyo ingezunguka na hakuna ambaye angejua iitwaje.

Kanuni ya vitendo: dume wa kijiji asizidi miaka miwili na nusu eneo moja, abadilishwe na wa eneo lingine aliyepimwa ugonjwa wa kutupa mimba. Anayetumia uhimilishaji abadilishe jina la dume kila kizazi, naye hawezi kulibadilisha kama hajui lile la kwanza.

Daftari lenyewe

Daftari la shule la kurasa 96 linatosha. Kila ng'ombe apewe kurasa mbili na namba ya hereni ya sikio. Ukurasa wa kwanza: tarehe ya kuzaliwa, mama, baba, tarehe za joto, za kupandishwa, za kuzaa. Mhimilishaji akimaliza kazi, mrija mtupu usitupwe. Umeandikwa jina la dume, namba yake, ukoo na tarehe ya kutengenezwa. Uoshwe, ukaushwe, ubandikwe kwa gundi ya karatasi kwenye ukurasa huo. Ni cheti cha baba ambacho hakihitaji muhuri. Mrija wenye mbegu iliyotoka kituo cha taifa cha uhimilishaji kule Usa River, Arusha, na ule wa nje, yote ina maandishi hayo.

Ukurasa wa pili ni wa maziwa. Si lazima kupima kila siku. Chagua tarehe moja, tuseme 15 ya kila mwezi, upime asubuhi na jioni. Tumia jagi lenye alama, subiri povu litulie, au pima kwa mizani ya kuning'iniza ukikumbuka lita moja ina uzito wa kilo 1.03. Povu peke yake linaweza kuongeza nusu lita kwenye ndoo. Machi 15 umepata lita 9, Aprili 15 lita 8: wastani 8.5, zidisha kwa siku 31, ni lita 263.5. Endelea hivyo hadi akaushwe, jumlisha. Ndama akinyonya, andika chuchu ngapi aliachiwa, la sivyo mwenye huruma kwa ndama ataonekana ana ng'ombe mbaya.

Linganisha waliozaa msimu mmoja tu. Aliyezaa Desemba, mvua zikiwa zimeshika na malisho yamejaa, asipimwe na aliyezaa Julai kwenye ukavu.

Daftari la mtu mmoja mwenye ng'ombe watatu linamsaidia kuamua mtamba yupi abaki. Kumjua dume linahitaji wenzake. Ili kupata mabinti 10 wa dume mmoja wanaokamuliwa, anza na mirija 50. Tuchukue nusu ishike mimba, ni 25. Nusu ya ndama wawe majike, ni 12. Wawili wafe au wauzwe, wanabaki 10. Mbegu iliyochaguliwa jike hutoa majike karibu 90 kwa 100, ila ni ghali na hushika kidogo kuliko ya kawaida. Kikundi cha wafugaji 30 wa Buswelu au Nyashishi, kila mmoja akiwa na ng'ombe wawili au watatu, kinaweza kupima dume mmoja au wawili kwa pamoja, mradi kikubaliane mapema ni mbegu ipi iingie zizi lipi. Kikundi kama hicho kinachokusanya maziwa tayari kina mizani, kina mtu wa kuandika na kina siku ya kukutana. Kinakosa safu moja tu kwenye kitabu chake, ya jina la baba.

Wapo wanaosema teknolojia itaturukisha hatua hii, kwamba siku hizi unang'oa nywele za mkia wa ndama, unazipeleka maabara, unajibiwa thamani yake. Ni kweli. Marekani ilianza kutoa makadirio rasmi ya namna hiyo kwa Holstein mwaka 2009, na Tanzania iliingia kwenye ADGG, mpango wa kuboresha ng'ombe wa maziwa Afrika ulioongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, uliochukua nywele za ng'ombe wa wafugaji wadogo. Lakini maabara haisomi maziwa kwenye unywele. Inalinganisha vinasaba vya ndama wako na vya ng'ombe wengine ambao lita zao ziliandikwa. Ng'ombe wa Mwanza wasipokuwa na lita zilizoandikwa, ndama wa Mwanza atakadiriwa kwa lita za mahali pengine, na mahali pengine hapana joto letu, kupe wetu wala matete yetu.

Kampeni za uhimilishaji za halmashauri zipimwe hapo pia. Ripoti huhesabu ng'ombe waliohimilishwa, wakati mwingine na mimba. Iongezwe namba ya tatu: mabinti waliozaliwa ambao baba yao anajulikana kwa jina. Mbegu inayowekwa mwezi huu itazaa baada ya siku 280 hivi, na mtamba akilishwa vizuri atazaa mara ya kwanza akiwa na miezi 30 hadi 36. Ni miaka mitatu na nusu kutoka leo hadi lita ya kwanza. Huyo afisa mifugo atakuwa amehamishwa, kopo la mirija mitupu litakuwa limetupwa, na mfugaji atakuwa na mtamba mzuri aliyesimama mbele yake, anayekamuliwa lita 12, asijue ni mbegu ya nani akaiagize tena.